Jiwe la Kuanikia

Watu wa Nyarero walidhani amefiwa. Kila walipomwona alikuwa amevaa nyeusi: suruali nyeusi, shati jeusi la mikono mirefu, kofia nyeusi, hata soksi. Akina mama wa sokoni walimsogelea na kumshika mkono. "Pole na msiba, dada." Mwanzoni alijaribu kuwaeleza kwamba nguo nyeupe au nyekundu hurusha mwanga kwenye udongo anaoupima, na kwamba kifaa chake kinaona kila kitu, mpaka shati la mtu aliyesimama karibu. Walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakauliza marehemu alikuwa nani kwake. Baadaye akaacha kujieleza. Akipewa pole anajibu "Nimeshapoa," anapokea papai la rambirambi, na tunaondoka.

Mimi nilikuwa dereva wake. Nilimzungusha misimu kadhaa katika wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, na kwa kuwa kila mtu alimwita Mtaalamu, nami nilimwita hivyo na ninaendelea kumwita hivyo. Jina lake la kuzaliwa halitaongeza kitu hapa. Ninachotaka kueleza ni tabia zake, maana katika maisha yangu ya usukani nimebeba watu wengi, mapadri, walevi, maharusi, lakini sijabeba mtu asiyetulia kama yule.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege ndogo inapita juu ikiwa na kamera tumboni. Jicho letu linaona rangi chache tu na michanganyiko yake, ila kamera ile inaugawa mwanga katika mamia ya rangi, nyingi hazina hata majina kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuziona. Kila kitu kilicho juu ya ardhi kinameza baadhi ya rangi hizo na kurudisha nyingine. Udongo wa mfinyanzi una ulaji wake, chuma chenye kutu kina ulaji wake, majani mabichi vilevile. Ukiuchunguza mwanga uliorudi unaweza kujua chini kuna nini bila kushika jembe. Kompyuta inapaka ramani kwa rangi za kawaida, hapa kijani, hapa kahawia. Halafu lazima awepo mtu wa chini, atembee kwa miguu mpaka mahali penyewe, apime udongo na mawe kwa kifaa cha mgongoni, ijulikane kama ndege imesema kweli. Mtu huyo wa chini alikuwa yeye.

Na kweli alikuwa wa chini. Ndege ile hakuipanda hata mara moja. Siku iliyoruka kwa mara ya kwanza ilikwenda na kurudi, ikafika mwisho ikageuka, kama mtu anayelima kwa ng'ombe, na rubani alimwita apande aone nchi yao ilivyo ukiwa juu. Akasema ana kazi. Mimi nikampeleka pembeni nikamchokoza: yaani ramani zote zile unazitengeneza, na mwenyewe unaogopa kupaa? Akaniambia hata ngazi ya kupaka rangi nyumba inampa kizunguzungu. "Waende wao. Wakikosea, mimi nitakuwa nimesimama palepale walipokosea."

Kuketi kulimshinda kabisa. Pale Tarime mjini tulikuwa na hoteli yetu ya wali na maharage, na yeye alikula amesimama mlangoni, sahani mkono wa kushoto, macho angani. Mama mwenye hoteli alivumilia, mwisho uvumilivu ukamwisha. "Dada, viti vyetu vina nini?"

"Havina kitu, mama. Mwenye kitu ni mimi."

Ndani ya gari goti lake lilicheza toka tunawasha mpaka tunazima. Tukisimama kupisha ng'ombe wa watu, na ng'ombe wa Tarime hawana haraka na mtu yeyote, yeye anafungua mlango anateremka na kuanza kutembea mbele. Nawasubiri ng'ombe wapite, nawasha, namkuta huko mbele anapiga hatua kama anayewahi kesi mahakamani. Anapanda, tunaendelea. Mimi hali hiyo ilinichosha, nisifiche. Kuna siku nilitamani nimwache aende kwa miguu mpaka Mugumu ili nilale.

Lakini sababu yake ilikuwepo. Mwanga wa kupimia una saa zake: jua lazima liwe juu vizuri na wingu lisiwepo. Wingu likipita mbele ya jua anainua mkono, maana yake sote tunyamaze, na anabaki hivyo mpaka lipite. Hata salamu zilimbana. Huku kwetu mzee ukimwamkia shikamoo, marahaba inakuja na mafungu yake: za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, za mvua. Mtaalamu alijibu yote, hakuruka hata moja, ila shingo ilikuwa imeshapinda kuangalia jua. Mchungaji wa ng'ombe mmoja wa Nyanungu alisimama akamtazama akipima kiraka cha udongo, ng'ombe wake akaja kusimama juu ya kiraka kile kile. Mtaalamu akaomba kwa upole ng'ombe asogezwe.

"Mpime naye," akasema yule bwana. "Labda ana madini."

Akampima. Alicheka mpaka kifaa kikatikisika, na nadhani kile kipimo cha ng'ombe bado kiko kwenye kompyuta yao.

Kitu alichokilinda kuliko vyote kilikuwa sahani nyeupe. Ilikuwa nyeupe kupita chokaa, ukubwa wa kiganja, na kabla ya kupima kitu chochote ilibidi kwanza aielekeze juani na kuipima hiyo, ili kifaa kikumbuke mwanga kamili ukoje. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Huku chini ya viti vya gari kumejaa mifuko ya udongo, makoti yenye matope na maganda ya ndizi, sahani ilikaa kwenye kisanduku chake imefunikwa kitambaa kama ekaristi.

Sahani hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Msimu ule mvua ilichelewa. Watu walishapanda, kila mtu anaangalia angani, na Mtaalamu naye anaangalia angani, ila matakwa yake yalikuwa kinyume na ya wengine wote. Jumapili moja kanisani tuliambiwa tuombe mvua. Nikafumbua jicho moja nikamwona kabana midomo. Tulipotoka nikamuuliza alimwomba Mungu nini.

"Nimemwomba inyeshe. Lakini baada ya Alhamisi."

Alhamisi haikufika. Habari zilishaenea kwamba kuna mwanamke wa nguo nyeusi analionyesha jua sahani nyeupe na mvua inakataa. Wazee wawili wakaja mpaka kwenye gari. Hawakuja kwa shari. Mmoja akasema, "Binti, hatusemi wewe ni mbaya. Tunasema tu hiyo sahani yako uifunike kidogo." Mimi nilishika ufunguo, nikijua ubishi wake, maana huyu aliwahi kugombana na ofisi nzima kwa ajili ya kipimo kimoja. Akawaambia, "Sawa, wazee wangu." Akaifunika. Ofisi ilipopiga simu kuuliza vipimo, alisimama chini ya anga jeupe lisilo na hata unyoya wa wingu akawajibu kuna mawingu mazito. Mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo. Sasa nani atawaeleza watu wa kule habari za kitaalamu?

Nilimuuliza kwa nini aliidanganya ofisi, yeye ambaye kila siku ananiambia mwanga hausemi uongo. Akasema mwanga hausemi uongo, lakini unajibu ulichouliza tu, na siku ile ofisi ilikuwa haijauliza habari za wazee. Huo ulikuwa msemo wake mkubwa. Mwanga unajibu ulichouliza. Aliusema kwa wanafunzi waliokuja kujifunza, kwa maofisa, kwangu mimi nikilalamika njia. Nilifika mahali naumalizia kabla yake.

Mama yake aliishi huko huko Nyanungu, chini ya jiwe kubwa. Nikisema jiwe msifikirie la kukalia. Ni mwamba mpana, tambarare juu, ungeweza kuchezea mpira. Kiangazi mwamba ule ulikuwa mweupe wote kwa muhogo. Mama aliumenya, akauvundika mpaka ukaota ukungu, akaukwangua, akauanika hapo juu ukauke kwa ajili ya udaga, unga wetu wa ugali. Jiwe likishika joto linakausha upande wa chini na jua upande wa juu. Familia zote za ukanda ule zilifanya hivyo, kila ukoo na mwamba wake.

Mtaalamu aliuchukia ule mwamba. Utoto wake wote aliumaliza hapo, kuanika, kugeuza, kufukuza mbuzi, kuanua mbio wingu likijitokeza. "Mimi nimesoma kwa sababu ya lile jiwe," aliniambia. "Nilikuwa nikiona muhogo nakimbilia daftari." Hakula udaga tena. Tukifika kwa mama yake anaamkia, anakabidhi sukari na sabuni, anazunguka uani akigusa hiki na kile.

"Kaa," mama anamwambia.

"Nimekaa sana garini, mama."

Mama ananigeukia; kijana yeyote kwake ni mura. "Mura, eti huyu huko garini anakaa?"

"Shikamoo, mama. Hata kiti cha gari kinamshangaa."

"Marahaba. Nilijua." Na ananipa mimi kigoda.

Yule mama alikuwa na jambo moja moyoni na hakulificha. Magoti yalikuwa yamemwisha, na maji yalikuwa mbali, chini bondeni. Mdogo wake aliishi Mugumu, kwenye nyumba yenye bomba la maji ya bwawa la Manchira uani. Mama alimtembelea zamani, na alinisimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyolifungua bomba lile, akalifunga, akalifungua tena, mpaka mdogo wake akamkaripia kwamba anamaliza maji ya watu. Alitaka kuhamia kule. Binti yake alimjibu "mwakani, mama." Hakuwa anamdanganya. Alikuwa na chumba cha kupanga Tarime ambamo hakulala, kila mara yuko njiani, na mwakani ilisogea kila ilipofikiwa.

Ndipo ramani ilipotoka.

Tulitandaza ile karatasi juu ya boneti. Kijani, kahawia, wekundu wa kutu, vyote mahali alipovitarajia. Ila juu ya miamba ya Nyanungu kulikuwa na madoa ya zambarau. Zambarau, alinieleza huku sauti imempanda, ni udongo fulani mweupe unaozaliwa pale ambapo maji ya moto yalipita chini ya ardhi zamani sana, na maji ya namna hiyo wakati mwingine hubeba dhahabu. Wakati mwingine, alirudia. Lakini neno hilo la mwisho halikusafiri. Dhahabu ndiyo iliyosafiri. Alikwenda kuionyesha ramani kwenye mkutano wa wakubwa, akapigiwa makofi, na haukupita muda kampuni moja ya utafutaji ikaja kuangalia miamba.

Kampuni haikuwa imesema itamhamisha mtu. Huku kwetu hawangoji kusema. Watu wanajua kutegesha: ukisikia panapimwa, unasimamisha nyumba ya haraka, bati juu, mlango mmoja, na unapanda miche iliyobanana, ili siku ya tathmini ya fidia ikukute una mali. Nyanungu ikaota nyumba zisizo na watu. Dalali mmoja akavuka mpaka pale Sirari na lafudhi yake ya ng'ambo, akisimama juu ya kila mwamba: "Wazee, hii mawe mko nayo, msipeane hovyo. Mtakuja kuniambia." Na mama wa Mtaalamu aligawa madumu yake ya maji kwa jirani. Yote. Aliniambia mwenyewe, anacheka, kwamba mtu anayehamia kwenye bomba hana kazi na madumu.

Mtaalamu alikuwa na furaha kiasi gani? Wiki ya kwanza aliimba garini. Baada ya hapo goti likaanza kucheza vibaya zaidi ya kawaida. Kitu kilimkera kwenye ramani. Zambarau ilikaa juu ya miamba tu, hakuna hata doa moja lililoteremka kwenye udongo wa pembeni, na udongo, alisema, huwa unaporomoka, hauna adabu ya kukaa juu ya jiwe. Tukarudi Nyanungu kupima. Ilikuwa kipindi cha mvua, miamba imeoshwa, mitupu. Akapima mwamba wa kwanza: jiwe la kawaida. Wa pili, vilevile. Akaisafisha sahani, akabadilisha betri, akanikemea nimesimama vibaya wakati nilikuwa nimelala chini ya gari. Jiwe la kawaida. Zambarau haikuwepo mahali popote.

Jua lilichomoza kati ya mawingu tukiwa juu ya mwamba wa mama yake. Mama akapanda polepole, kikapu kichwani, kwa sababu jua la msimu wa mvua halichezewi.

"Ondoka hapo," akamwambia binti yake. "Naanika."

Mtaalamu akasogea. Akatazama mama akimwaga vipande na kuvitandaza kwa mkono, kimoja kimoja. Nilikuwa nimekaribia kumsaidia nilipomwona ameganda. Huyu mtu ambaye miguu yake haijui kusimama, alisimama. Kisha akachukua kifaa, akapima sahani, akaupima muhogo wa mama yake.

Mstari uliotokea kwenye kioo ulikuwa ule ule wa zambarau. Ndege ilipita kiangazi, miamba yote ikiwa imeanikwa. Kompyuta ilikuwa imepewa orodha ya mawe, udongo, majani na nyasi kavu ichague, na aliyeipa orodha ni yeye. Muhogo haukuwemo. Akacheka, halafu kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa kofia.

"Una nini?" mama akauliza.

"Ni muhogo, mama."

"Najua ni muhogo."

Siku hiyo alipiga simu ofisini na kuwaambia ramani yake imekosea. Kampuni nayo ikaambiwa. Wangeweza kumalizana kwa barua, lakini alitaka kuwaambia watu wa Nyanungu kwa mdomo wake. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole, alimsihi tukiwa bado kwenye gari. "Madam, nyamaza tu. Acha hao wachimbe, watajionea wenyewe." Alikataa. Alisema watu wameacha kulima kwa sababu ya rangi aliyoipaka yeye.

Kwenye mkutano aliongea vizuri. "Mkiniletea kondoo, mkaniuliza huyu ni ng'ombe au mbuzi, na mimi sijawahi kuambiwa kwamba duniani kuna kondoo, nitawajibu ni mbuzi. Na nitakuwa na uhakika kabisa. Ndivyo mashine ilivyofanya."

Mwenyekiti akajaribu kupoza kwa utani. "Yaani serikali ilete ndege nzima kuja kuangalia muhogo?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha uchungu. Kisha mwanamke mmoja akasimama nyuma. "Wewe ulikulia juu ya lile jiwe. Wewe hukujua kwamba tunaanika?"

"Nilijua," akasema Mtaalamu. "Nilisahau kuuliza."

Wengine walisema amenunuliwa. Wengine walisema anaficha dhahabu ya ukoo wake. Nabii hakubaliki kwao, nilimwambia njiani, akaniambia ninyamaze. Kilichomuumiza hakikuwa maneno ya mkutanoni. Tulipopita kwa mama yake kuaga, tulimkuta anatoka kwa jirani na dumu moja mkononi. Alikuwa amekwenda kuliomba lirudi. Alitupita bila kuangalia upande wa binti yake. Akasema, kama anaongea na njia, "Kwa hiyo muhogo wangu ndio umeniangusha." Kisha akaleta mfuko wa udaga akauweka kwenye kiti changu. "Huu ni wa dereva."

Tuliendesha mpaka Tarime. Ninakiri nilikuwa na hasira naye kwa niaba ya yule mama. Ukweli ule ungeweza kungoja kidogo, nilifikiri. Mpaka leo sina uhakika kama nilifikiri sawasawa.

Mkataba wangu uliisha. Nikapata gari la mizigo la mtu, nikawa nabeba mahindi na saruji. Mtaalamu nilimsikia kwa mbali tu: anapima huku, anapima kule, mama yake bado hapokei simu. Kisha kiangazi kilichofuata akanipigia mwenyewe. Ndege inarudi, alisema. Niende Nyanungu, na niende na gari lenye nafasi nyuma. Nikajua ni vyombo vyake.

Njiani nilishangaa. Kila mwamba ulikuwa mweupe kuliko kiangazi chochote nilichowahi kukiona. Habari zilikuwa zimefika kwamba ndege inapita, na watu waliona kuwa kama muhogo ndio unaoleta zambarau, basi na uletwe. Walikuwa wanaitegeshea ndege. Waliomaliza muhogo wao walianika unga, na mwamba mmoja ulikuwa na shuka za harusi. Mwenyekiti, aliponiona, alinipungia mkono kwa aibu kutoka juu ya mwamba wake, kikapu mkononi.

Mtaalamu nilimkuta chini ya mwamba wa mama yake, nguo nyeusi, anazunguka gari lake. Safari hii mashine inaujua muhogo, aliniambia, ameshauingiza kwenye orodha, wataanika bure. Tatizo lake lilikuwa jingine. Alihitaji mwamba mmoja tu mtupu, mkubwa, safi, ili ndege ione jiwe lenyewe linasemaje na yeye alipime saa hiyo hiyo kutoka chini. Bila hivyo maneno yake ya mkutanoni yangebaki maneno. Alikuwa amewaomba watu kupitia kwa mwenyekiti. Kila ukoo ulikataa. Kwa mama yake hakuwa amethubutu kuomba.

Tukapanda. Juu ya ule mwamba hapakuwa na kitu. Haukuwa mtupu wa bahati. Ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio zinaonekana. Vikapu vya muhogo vilikuwa vimepangwa pembeni, vimejaa, vimefunikwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mwamba mwingine, ufagio magotini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mura." Kisha akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza toka mkutano ule. "Nimekuachia jiwe lako. Fanya haraka, muhogo wangu utaoza."

Ndege ikaja, ikaenda, ikarudi. Mtaalamu alipima, akapima tena, akaitazama ndege mpaka ikapotea upande wa Serengeti. Alipokifunga kisanduku alibaki amesimama na mgongo wake kwetu.

"Mama," akasema, "kuna nyumba nimepanga Mugumu. Ina bomba uani."

"Mwakani," akasema mama.

"Leo. Ndiyo maana nimemwita dereva na gari."

Mama aliinuka kwa kushikilia ufagio, akanyoosha magoti, akaelekeza kidole kwenye vikapu. "Na hivi siviachi."

Tulipakia vikapu, kitanda, kuku, masufuria, na dumu lile moja. Mama akakaa mbele pamoja nami. Mtaalamu alikataa gari lake, akamwachia mwenzake wa ofisini aliyekuja naye, akapanda nyuma kati ya mizigo, na njia za kule mnazijua. Tulipofika Mugumu jua lilikuwa bado lipo. Akateremka unga na ukungu wa muhogo umempaka kichwa mpaka viatu. Nguo nyeusi hazikuonekana tena. Jirani mpya alimwangalia akamkaribisha tu, bila pole ya msiba.

Mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja uani, akalifungua bomba, akaweka mkono chini ya maji, akalifunga. Akalifungua tena. Binti yake alikuwa anazungukazunguka akiulizia vitanda vikae wapi, muhogo uanikwe wapi, bati litafaa au halitafaa.

"Kaa," mama akamwambia, bila kugeuka.

Palikuwa na kizingiti cha saruji karibu na bomba. Akakaa.